Jua Lisiloumua Mkate

Tarehe 22 Desemba, saa nne asubuhi, mwanangu wa katikati alinishika mkono akanipeleka dirishani. Pale kulikuwa na bakuli la bluu lililofunikwa kitambaa. Akafunua. Ndani yake kulikuwa na mchele uliosagwa na tui, sukari, iliki na hamira, vitu ambavyo kufikia saa ile vilitakiwa viwe vimeumuka hadi karibu na ukingo. Vilikuwa vimetulia palepale tulipoviacha saa moja na nusu kabla, bila hata povu.

"Baba," akaniuliza kwa kunong'ona, maana mama yao alikuwa amelala, "jua la huku limeharibika?"

Hakuwa anatania. Usiku wa kuamkia siku ile bibi yake alimwelekeza kwa simu kutoka Muheza, Tanga, namna ya kupika mkate wa kumimina: loweka mchele, saga na tui zito, tia hamira, funika, "halafu uweke juani mpaka uumuke." Naye ana miaka minane, akiambiwa juani anaweka juani. Na jua lilikuwepo kweli, linapiga juu ya theluji mpaka macho yanauma. Ila nje kulikuwa na nyuzi 22 chini ya sifuri, na kioo cha dirisha ukikigusa unaona vidole vinataka kunata.

Tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na tunasomesha watoto wetu watatu nyumbani. Tulianza mwaka 2020 kwa kulazimika, kama watu wengi, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Zilipofunguliwa tukaendelea kwa sababu ambayo mpaka leo ndugu zangu hawaielewi vizuri: mama yangu alikuwa akipiga simu, binti yangu mkubwa anamjibu kwa Kiingereza. Bibi anauliza "hujambo mke mwenzangu?", mtoto ananitazama mimi nimtafsirie. Siku moja mama akaniambia, "Mwanangu, usinipe hao watoto kwenye simu, nawasumbua." Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima.

Sheria ya Minnesota inaruhusu. Kila mwaka kabla ya tarehe 1 Oktoba unamwandikia mkuu wa elimu wa wilaya kwamba watoto wako walio na miaka 7 hadi 17 unawafundisha mwenyewe, unafundisha masomo yaliyotajwa, na mara moja kwa mwaka wanafanya mtihani wa kawaida uliotungwa na wataalamu. Hapo hapana siri wala ujanja. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Mimi naingia kazini ghalani Ijumaa hadi Jumapili. Kwa hiyo Jumatatu mpaka Alhamisi mwalimu mkuu ni mimi, na sharti la kwanza la shule yetu ni kwamba mchana hakuna kupiga kelele.

Nikiri kosa langu mapema. Miaka miwili ya mwanzo niliendesha shule ile ile niliyosoma mimi Muheza miaka ya themanini na tisini, iliyokuwa na ringi ya gari imening'inizwa kwenye mwembe kama kengele. Nilikuwa na ratiba ya dakika arobaini arobaini. Kengele ilikuwa mlio wa simu. Nilikuwa nawapanga mstarini sebuleni, watu watatu, mmoja wao bado anavaa nepi, nakagua kucha. Mke wangu alirudi siku moja kutoka zamu akatukuta mstarini akacheka mpaka akakaa chini. Kufikia Desemba ile nilikuwa nimeshalegeza mengi, lakini bado niliamini likizo ni likizo. Tarehe 20 niliwatangazia kwamba shule imefungwa hadi Januari, vitabu vikaingia kabatini. Siku mbili baadaye ndipo jua likaharibika.

Jibu la swali lake nilikuwa nalo mdomoni: hamira inataka joto, hapo dirishani ni baridi, lete hapa. Ningelisema, tungemaliza, tungepika. Kilichonizuia si hekima, ni kwamba dada yake aliwahi kunitangulia. "Hamira imekufa," akasema. Mdogo wake akasema haijafa, imelala. Wakaanza kubishana kwa kunong'ona, ubishi wa kunong'ona ni mkali kuliko ule wa sauti, na mimi nikaona njia pekee ya kuwanyamazisha ni kutafuta chupa.

Tulichukua chupa tatu ndogo za maji. Kila moja tukatia kijiko cha hamira na kijiko cha sukari. Ya kwanza tukajaza nusu kwa maji ya bomba, ambayo majira hayo yanatoka baridi ya kuuma meno. Ya pili maji ya vuguvugu, yale ambayo ukidondoshea kwenye kifundo cha mkono huyasikii. Ya tatu maji yaliyotoka kwenye birika likiwa linachemka. Mdomo wa kila chupa tukauvisha puto, tukazipanga mezani, tukakaa kuzitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

Baada ya dakika kumi na tano puto la chupa ya vuguvugu likajitikisa na kuanza kuinuka. Baada ya dakika arobaini lilikuwa limesimama wima. La maji baridi lilikuwa limeinua shingo kidogo tu, mtu asiyetazama kwa makini asingeona. La maji ya moto lilikuwa limenywea vilevile.

"Si nilisema imekufa," akasema mkubwa akionyesha la tatu. "Si nilisema imelala," akasema mdogo wake akionyesha la kwanza.

Hapo ndipo mtoto wa miaka minane alipofanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Alizichukua zile chupa mbili, ya baridi na ya moto iliyokuwa imeshapoa, akazisimamisha kwenye sufuria la maji ya vuguvugu. Kama imelala itaamka, akasema, na kama imekufa haitaamka. Nusu saa baadaye puto la ile ya baridi lilikuwa limeanza kujaa. Lile jingine halikujaa siku ile wala kesho yake. Tulilala tukijua kwamba baridi inailaza hamira na moto unaiua, na kwamba kinachojaza puto ni hewa ya ukaa ambayo hamira inaitoa ikila sukari, hewa ile ile inayoufanya mkate uwe na matundu. Kitindamimba aliuliza kama tutaiwekea matanga ile iliyokufa.

Tukarudi kwenye bakuli la bluu. Tulilihamishia ndani ya oveni, oveni yenyewe imezimwa, taa yake ya ndani tu inawaka. Taa ile peke yake inatoa joto la kutosha. Saa moja na robo baadaye povu lilikuwa limefika ukingoni.

Ningependa kusema mkate ulitoka vizuri. Kule nyumbani mkate wa kumimina unapikwa kwa makaa juu na chini, chungu katikati. Mimi nikawasha moto wa juu wa oveni nikidhani nimepata makaa, nikageuka kuosha vyombo. King'ora cha moshi kililia nyumba nzima. Mke wangu alishuka ngazi na kanga moja, macho mekundu, akatazama oveni, akatazama maputo mezani, akasema, "Baba nanihii, likizo ilianza lini?" Akapanda kulala. Wa pili tuliupika tarehe 23 kwa moto wa chini tu, na dakika tatu za mwisho ndiyo tukawasha wa juu, mtu amesimama hapohapo na kitambaa mkononi. Ulitoka na rangi ya dhahabu, matundu madogo madogo, ukingo wake umekauka kidogo. Huo ndio tulioupigia picha.

Lakini swali la jua lilikuwa bado halijajibiwa. Hamira tumeielewa, jua je? Mbona la Muheza linaumua mkate na la hapa haliumui, na jua ni moja?

Nilichukua chungwa, nikalichoma kijiti cha mshikaki toka juu mpaka chini. Watoto wakachomeka karafuu mbili. Minneapolis ni rahisi kuipata, ipo kwenye latitudo 45, katikati kabisa ya ikweta na ncha ya kaskazini. Muheza ni chini kidogo tu ya mstari wa kati. Tukazima taa, nikawasha tochi, nikalilaza chungwa upande kidogo, kwa makadirio ya zile nyuzi ishirini na tatu na nusu za mwinamo wa dunia, kaskazini ikiwa imelipa jua kisogo. Karafuu ya Muheza ilimulikwa usoni. Ile ya Minneapolis ilipata mwanga wa pembeni, umenyooka na kufifia kama kivuli cha magharibi. Nikawaambia walizungushe taratibu na kuhesabu. Karafuu ya Muheza ilikaa kwenye mwanga nusu ya mzunguko au zaidi kidogo. Yetu ilichungulia mwangani kisha ikazama.

Na hapo binti yangu akakumbuka jambo ambalo lilikuwa likimkera tangu aanze kusoma saa ya Kiswahili. "Ndiyo maana saa yako haifanyi kazi," akasema.

Alikuwa sahihi. Mimi naishi kwa saa ya Kiswahili kichwani, sijawahi kuiacha. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha, saa kumi na mbili jioni jua linazama, mtoto wa ikweta hahitaji maelezo. Kule kwetu urefu wa mchana hupishana kwa nusu saa na ushei tu mwaka mzima. Hapa tarehe 21 Desemba jua linachomoza karibu saa mbili kasoro dakika kumi na linazama saa kumi na nusu: mchana wa saa 8 na dakika 46. Juni unakuwa wa saa zaidi ya 15 na nusu. Sasa mimi miaka yote nawaambia wanangu "saa kumi na mbili jioni" na nje kuna giza totoro, nyota zinawaka. Kwao jioni ilikuwa neno lisilo na maana. Tulikaa na lile chungwa mpaka likaanza kutoa maji, wakijaribu kutunga saa ya Kiswahili ya Minneapolis ambayo inarefuka na kufupika. Walishindwa, lakini wameshindwa vizuri.

Jambo lingine lililowachanganya ni kaskazi. Bibi alikuwa amewaambia kwamba Krismasi ya mwaka huu kaskazi imekaza, joto halilaliki. Kwao upepo wa kaskazini ndio unaoleta ile baridi ya kufungia shule. Neno moja, huku linakata masikio, kule linatoa jasho. Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo.

Hayo yote yalianza kutengeneza tamthilia kabla sijajua kwamba kuna tamthilia. Wiki moja kabla nilikuwa nimewapeleka mjini, kando ya mto Mississippi, kwenye jengo la ukumbi wa Guthrie. Kila mwisho wa mwaka, tangu 1975, wanaonyesha A Christmas Carol, mchezo wa mzee bahili anayetembelewa na mizimu usiku wa kuamkia Krismasi. Tiketi za watu watano zilinishinda. Lakini jengo lina roshani ndefu inayochomoza hewani kuelekea mtoni, na kupanda kule ni bure. Tukasimama nyuma ya kioo, watu waliovalia wakipishana nyuma yetu kuingia ukumbini, sisi tunatazama maporomoko ya Mtakatifu Anthony yakitoa moshi wa baridi. Binti yangu alikuwa amenuna. Ili kumtoa kwenye hasira nikamwonyesha gofu la jirani.

Gofu lile lilikuwa kinu cha unga, Washburn A. Mji huu wakati fulani ulikuwa unaongoza duniani kwa kusaga ngano, na nguvu ilikuwa ya maporomoko yale yale. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kililipuka, wakafa wafanyakazi 18. Kilicholipuka ni vumbi la unga.

"Unga huu wa maandazi?" akauliza mdogo mtu.

Huohuo. Nikawapa mfano wa fundi seremala: gogo ukilitia motoni linachukua muda, lakini maranda ukiyarusha juu ya mwali yanashika yote kwa pamoja, kwa sababu kila kipande kimezungukwa na hewa. Unga uliomo kwenye mfuko hauna hewa ya kutosha kati ya chembe na chembe. Ukitimka chumbani, kila chembe ni kijiti cha kiberiti. Kinu kilijengwa upya, kikaja kuungua tena 1991, na ndani ya magofu yake sasa kuna makumbusho. Wanangu waliomba tujaribu nyumbani kwa kiasi kidogo tu. Nilikataa kwa namna ambayo hawakuomba tena, na matokeo yake ni kwamba kwa siku kadhaa mwanangu aligoma kuchekecha unga karibu na jiko. Hilo sikulirekebisha.

Tukiwa ndani ya gari kurudi, mkubwa akatamka kwamba kama hatuwezi kununua tiketi tutafanya mchezo wetu, na mtazamaji ni bibi. Nikasema sawa, ila bibi hajui Kiingereza. Kukawa kimya mpaka tulipofika taa za barabarani za tatu. "Basi utatusaidia maneno," akasema.

Miaka minne nimewafundisha ngeli kwa chati ukutani. Siku nne za kuandaa mchezo zilifanya zaidi ya ile chati, na nasema hivyo kwa uchungu maana chati niliichora mwenyewe. Mtu anayetaka kuchekesha hana muda wa kuogopa upatanisho wa kisarufi. "Jua imechoka," aliandika, nikamwuliza bibi atasikiaje, akajisomea kwa sauti, akafuta, akaandika "Jua limechoka." Hakuna aliyetaja ngeli ya li-ya. Kwenye theluji walikwama. Mwanangu alitaka neno la kile kichembe kimoja chenye pembe sita kinachotua kwenye mkono wa koti. Nilitafuta kichwani, sikupata. Tukaafikiana "ua la theluji," na bibi alipolisikia hakuuliza.

Hadithi yenyewe: Jua wa Minnesota anaomba likizo ya Krismasi, anakwenda Muheza kula machungwa. Watu wanaganda. Fisi anapata mwanya, anauza kuni kwa bei ya kuruka. Sungura anatumwa kumrudisha Jua, anamkuta bibi mmoja amemweka juu ya paa akimtumia kuumulia mkate, na hataki kumwachia. Mazoezi yalifanyika chumba cha chini ya nyumba, kwa kunong'ona, shuka la kitanda ndiyo pazia. Mwanangu alikuwa Fisi na alimpa sauti ya mwenye ghala wangu, jambo ambalo naomba libaki ndani ya familia. Mapumziko yalikuwa ni juisi ya ukwaju iliyotiwa kwenye vifuko na kuning'inizwa nje ya mlango. Kama barafu za bibi, ambaye anauza za kwake kutoka kwenye friji. Za kwetu ziliganda bila senti ya umeme, ingawa kifuko cha maji matupu siku zote kilizitangulia, na mkubwa akaandika hilo kwenye daftari bila kuambiwa: sukari nayo inachelewesha kuganda, kama chumvi wanayomwaga barabarani.

Kitindamimba alikuwa Jua. Ana miaka mitano. Alifungwa kanga ya njano ya mama yake, akapakwa unga wa manjano mashavuni, na kwa kuwa yeye ndiye kila mtu alikuwa akimtafuta, alijiona mkubwa kuliko wote.

Tulicheza tarehe 24, saa nne asubuhi ya huku, saa moja usiku ya Muheza. Mke wangu alikataa kulala, akakaa kwenye ngazi na blanketi. Simu tuliiegemeza kwenye debe la mchele. Bibi alitokea akiwa na mtandio mpya, shangazi nyuma yake, watoto wa jirani wamejipanga sakafuni. Sungura alisahau maneno mara mbili, na mara zote mbili bibi alimkumbushia, sijui aliyajuaje. Fisi alizomewa na Muheza nzima. Tulipofika kwenye paa, umeme wa kule ukakatika. Picha ikawa nyeusi, zikabaki sauti, kisha mtu akawasha tochi ya simu na uso wa bibi ukaonekana nusu, kuanzia pua kwenda chini.

Mchezo ulitaka Jua azame mwishoni, pazia lifungwe. Jua akagoma. Alisimama katikati ya shuka, mikono kiunoni.

"Bibi yuko gizani," akasema. "Jua liko huku kwangu."

"Zama," Fisi akamnong'oneza.

"Sizami."

"Basi zama huko, mume wangu," sauti ya bibi ikatoka kwenye debe la mchele, "uje utokee huku kwangu. Mwenzio naangaza kwa simu."

Dada yake alinigeukia akiwa na masikio ya Sungura, amekasirika kweli. Likizama huku, kule ni usiku wa manane, bado halijachomoza, kuna tofauti ya saa tisa, bibi anamdanganya! Nikamwekea kidole mdomoni.

Jua alifikiri. Akakusanya kanga yake, akapita mbele ya pazia, akazunguka nyuma ya kochi, akachuchumaa mpaka hata kichwa hakionekani. Tukangoja. Shangazi akakohoa Muheza.

"Bibi," sauti ikatoka nyuma ya kochi, "umeshaniona?"